Kamusi moja kwa fani zote? Mimi ningeanzia kwingine

Mkuu, umeuliza kama hazina yenu ya makala za kitaaluma ianze na orodha moja ya istilahi ambayo kila fani italazimika kuifuata, ili mtu wa tiba azipate kazi za mtu wa takwimu na mtu wa takwimu azipate za tiba. Nimefanya kazi kwenye timu iliyojenga hazina ya namna hiyo, na jibu langu ni hapana. Mtaitunga, mtaizindua kwa mbwembwe, halafu watafiti wataikwepa pale tu watakapoona neno lao halimo.

Tatizo lenyewe lipo kweli. Mwaka 1986 Don Swanson wa Chuo Kikuu cha Chicago alisoma maandiko kuhusu mafuta ya samaki na athari zake kwenye damu, akasoma na maandiko kuhusu ugonjwa wa Raynaud, unaobana mishipa ya damu ya vidole. Makundi hayo mawili yalikuwa hayanukuani, ilhali ukiyaweka pamoja yanaashiria tiba. Hakugusa maabara, alisoma tu. Na mwaka 1994 jarida la Diabetes Care lilichapisha, kama mbinu mpya, njia ya kukokotoa eneo lililo chini ya mstari wa grafu kwa kuligawa vipande vya trapeza. Wanahisabati wanaijua toka enzi. Watu humcheka mwandishi. Mimi naona lawama ni ya mifumo ya kutafutia.

Sisi tulitenganisha dhana na jina. Kila dhana inapewa namba yake, na majina yanabandikwa juu yake, kila jina likiwa na fani inayolitumia. Wikidata, hifadhidata huria ya mtandaoni iliyoanza 2012, imejengwa kwa wazo hilohilo. Chukua mofolojia: kwa mwanaisimu ni muundo wa maneno, kwa mwanabiolojia ni umbo la kiumbe. Kabla ya kutenganisha, aliyetafuta mofolojia ya wadudu alikuwa akimwagiwa makala za vitenzi. Sasa hizo ni namba mbili, na mfumo unauliza unataka ipi.

Kinyume chake kipo pia. Wataalamu wa epidemiolojia, yaani elimu ya kuenea kwa magonjwa, husema sensitiviti, wa mashine kujifunza husema rikoli. Fomula ni ileile: waliogunduliwa kwa usahihi, gawanya kwa wote waliostahili kugunduliwa. Hapo namba ni moja, majina mawili, na hakuna anayeambiwa aache lake.

Patamu ni kwenye dhana zinazokaribiana bila kulingana. Usiweke kiungo kimoja tu cha "zinafanana". SKOS, kiwango cha kuandika orodha za istilahi ili kompyuta zizisome, kilichopitishwa mwaka 2009 na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, kinakupa ngazi: sawa kabisa, karibu sawa, pana zaidi, finyu zaidi, inahusiana. Tofauti ya mbili za kwanza si urembo. Kama A ni sawa kabisa na B, na B ni sawa kabisa na C, mashine inaruhusiwa kuhitimisha kwamba A ni sawa na C. "Karibu sawa" haibebi mnyororo huo, na ni makusudi. Bila kizuizi hicho utaanza na msongo wa mawazo, uruke viungo vitatu, ujikute kwenye msongo wa vyuma.

Najua atatokea mtu aseme akili bandia itamaliza yote hayo. Inasaidia, tena sana, kupendekeza. Lakini inapima neno kwa maneno yanayokaa karibu nalo, na rikoli na prisisheni (kati ya vyote vilivyotajwa, vingapi ni sahihi) hukaa sentensi moja kila siku huku zikipima vitu tofauti. Kwa hiyo mashine inapendekeza, halafu watu wawili, mmoja kutoka kila fani, wanaidhinisha. Wakibishana, hifadhini ubishi wenyewe pamoja na sababu zao. Kwetu, maelezo hayo ya ubishi yalisomwa kuliko fasili rasmi.

Usimamizi wa akaunti, namba za DOI (utambulisho wa kudumu wa makala) na mengineyo fuateni taratibu zilizopo, hakuna la kubuni hapo.

La mwisho ni ukurasa wa matokeo. Ukimletea mtu makala isiyo na neno aliloandika, mwandikie chini yake kwa nini imekuja: "Umetafuta sensitiviti, makala hii inaiita rikoli." Weka na kitufe cha kukataa kiungo hicho, na hakikisha kukataa huko kunawafikia wale wawili walioidhinisha.