Msemaji, mzungumzaji au mtoa mada? Barua ya mratibu wa kikao

Swali: Naratibu kikao kimoja katika kongamano la urithi litakalofanyika hapa Mombasa. Watakaozungumza nimewaandikia hivi: "Tunakukaribisha uwe msemaji katika paneli yetu ya uhifadhi wa Mji wa Kale. Utawakilisha mada yako kwa dakika 15, kisha moderata atafungua maswali. Kikao kitaanza saa 3." Mwenzangu wa Dar es Salaam ameirudisha rasimu akisema imejaa makosa, lakini hakunionyesha ni yapi. Ni makosa kweli, au ni Kiswahili cha kwao na cha kwetu? Tena mwenyekiti wetu, mzee wa Mji wa Kale, ataka kufungua kikao kwa Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa. Yafaa? (Msomaji, Kizingo)

Jibu: Mwenzako amesema kweli, ila alikuwa na wajibu wa kukuonyesha. Nianze na lililo zito.

"Utawakilisha mada" ni kosa Dar, ni kosa Mombasa, ni kosa popote. Kuwasilisha kumetokana na kuwasili: una jambo, nawe walifikisha kwa wasikilizaji. Kuwakilisha kunatoka kwa wakili: unasimama mahali pa mtu mwingine. Vitenzi hivi hukutana meza kuu karibu kila kongamano. Waziri hakuweza kuja, akawakilishwa na katibu wake, na katibu akawasilisha hotuba ya waziri. Yageuze uone: katibu "amewasilishwa" kama kifurushi kilichotumwa kwa basi. Ukikumbuka *wasili* na *wakili*, hutakosea tena.

Sasa "msemaji". Neno ni sahihi, ila kazi uliyolipa si yake. Msemaji husema kwa niaba: msemaji wa serikali, msemaji wa polisi, msemaji wa familia penye msiba. Mhifadhi wa majengo akialikwa kama msemaji atajiuliza anamsemea nani, idara yake au nafsi yake. Si swali la mzaha hilo. Anayeisemea idara hupima kila neno, na huenda akahitaji kibali cha mkubwa wake kabla hajakujibu. Anayejisemea mwenyewe atakujibu jioni hiyohiyo. Kwa hiyo mwite mzungumzaji. Spika tuwaachie Bunge na mafundi wa vipaza sauti.

Mtoa mada je? Huyu ni mzungumzaji pia, lakini ana mzigo mahususi: ameandaa mada, atasimama aitoe, kisha aulizwe. Mwanajopo naye huketi na wenzake, wakapokea maswali na kujibizana, pengine bila karatasi mkononi. Na hapa, dada yangu, ndipo barua yako inapochechemea kuliko kwenye msamiati. Umewaita watu kwenye jopo, kisha umempa kila mmoja dakika 15 za mada. Tuseme ni wanne na kikao ni cha dakika 90. Saa nzima imekwisha kwa mada peke yake. Katika nusu saa iliyobaki toa utambulisho, toa shukrani, toa yule mmoja asiyesikia kengele ya muda, na mjadala umebakiwa na nini? Hicho si kikao cha jopo, ni kikao cha mawasilisho. Hakina ubaya wowote, ila kiite jina lake, kwa sababu mgeni hujiandaa kulingana na jina ulilompa. Ukimwambia ni mtoa mada atakuja na slaidi zake. Ukimwambia ni mwanajopo atakuja na hoja mbili tatu na hamu ya kubishana. Mkichanganya, mmoja ataleta slaidi 30 na mwenzake ataleta kalamu, na mwenyekiti ndiye atakayetoka jasho. Amua kwanza unataka kikao gani, msamiati utafuata wenyewe.

"Paneli" nisingeiandika. Siku hizi msomaji akiiona hufikiri zile za sola juu ya paa. Jopo limezoeleka: jopo la majaji, jopo la wataalamu, na Kenya tuna hata jopokazi. Angalia upatanisho tu. Jopo limekubaliana, wanajopo wamekubaliana. "Jopo wamekubaliana" nalisikia mno redioni na silipendi.

Kwa moderata kuna majina zaidi ya moja, na hapo ndipo "cha kwao na cha kwetu" kinapoingia kweli. Huku Kenya wengi humwita mfawidhi yule anayeongoza shughuli, awe wa harusi au wa mkutano. Tanzania mfawidhi ni mkuu wa kituo cha kazi: Mganga Mfawidhi, Hakimu Mfawidhi. Mwenzako akisoma kwamba mfawidhi atakaribisha maswali, atashangaa ni mkuu wa wapi. Mshereheshaji naye abaki ukumbi wa harusi. Mimi hutofautisha hivi: *mwenyekiti wa kikao* hutambulisha watoa mada na kuchunga muda, *mwendesha mjadala* huwauliza wanajopo na kuwagonganisha hoja. Wapo wanaolalamika kwamba jina hili la pili lanukia mwendesha mashtaka. Kwa baadhi ya waendesha mijadala niliowaona, halikosei sana. Tofauti nyingine za namna hii zisikukoseshe usingizi. Sisi husema zaidi waandalizi, wao waandaaji, na wote huelewana.

"Tunakukaribisha" na "atafungua maswali" ni madogo. Mtu hualikwa angali kwao, hukaribishwa akishafika. Maswali nayo hayafungwi hata yafunguliwe. Mwenyekiti hukaribisha maswali au huwapa wasikilizaji nafasi ya kuuliza.

Kubwa lililobaki ni "saa 3". Kwako na kwangu ni asubuhi, jua limeshapanda. Mtoa mada wa kigeni aliyejifunza Kiswahili darasani, au msaidizi wake anayejaza kalenda ya simu, ataandika saa tatu za Kizungu, yaani saa tisa ya alasiri, wakati kikao kimekwisha na viti vimekunjwa. Usiiache saa bila kipindi cha siku: saa 3:00 asubuhi, saa 8:00 mchana, saa 10:00 alasiri. Kwa wageni wa mbali ongeza mfumo wa saa 24 pembeni, 09:00. Kikao kikiangukia Ijumaa, usitosheke na "baada ya swala". Waliotoka bara hawajui swala inakwisha saa ngapi. Andika na saa.

Ratiba ikibadilika, ogopa "kimesogezwa mbele". Kuna atakayeelewa kitaanza mapema, na kuna atakayeelewa kitachelewa. Kuahirisha ni kukipeleka wakati mwingine baadaye, kufuta ni kukiondoa kabisa, na hata ukitumia neno lililo sahihi, taja siku na saa mpya ndani ya sentensi ileile.

Barua yako ningeiandika hivi, kama kweli wataka mada:

"Tunakualika uwe mtoa mada katika kikao chetu cha uhifadhi wa Mji wa Kale, Mombasa. Utawasilisha mada yako kwa dakika 15, kisha mwenyekiti wa kikao atakaribisha maswali. Kikao kitaanza saa 3:00 asubuhi (09:00). Unazungumza kwa nafsi yako, si kwa niaba ya idara yako."

Sentensi ya mwisho iondoe kama si kweli, lakini mwambie mgeni moja kati ya hayo mawili.

Kuhusu mzee wako: yafaa, tena sana. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika mji huuhuu ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kikawekwa kando nyumbani kwake. Kufungua kikao cha Mji wa Kale kwa lahaja aliyotungia mashairi yake Muyaka bin Haji si kosa la lugha hata kidogo. Usanifu utautaka kwenye ratiba, barua na maazimio, maana hayo husomwa na watu wasiokuwapo ukumbini. Hotuba ya ufunguzi ina mwenyewe mbele ya watu, na wakimwona uso watamwelewa. Ila kama mna wakalimani, wapelekee orodha fupi siku moja kabla: *ndooni* ni njooni, *ndia* ni njia, *mato* ni macho. Vinginevyo mzee atasema "ndooni mbele", na mkalimani kibandani atawatangazia wageni habari za ndoo.