Kidonda cha mguu cha mama mwenye sukari: hakiumi, lakini kitazame vizuri

Dada, umeuliza kama kidonda cha mama huko Matondoni, kisiwani Lamu, chini ya kidole gumba cha mguu, kimeingia vijidudu, ilhali hakimuumi. Usitegemee maumivu hata kidogo. Sukari ya muda mrefu huua mishipa ya fahamu. Mguu waweza kuoza ndani na mwenyewe bado anatembea.

Tazama uvimbe, joto, usaha, maumivu ukibonyeza, na wekundu kuzunguka kidonda. Mawili yakiwapo, mpeleke hospitali. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hufichika, kwa hiyo tafuta ngozi inayong'aa, yenye zambarau, au nyeusi kuliko ya mguu wa pili. Joto lipime kwa mgongo wa mkono, ukilinganisha miguu yote miwili. Chora ukingo wa wekundu kwa kalamu, uandike na saa. Wekundu ukivuka mstari, au ukifika sentimita 2 kutoka kidondani, ni hospitali siku hiyo hiyo. Sukari kupanda ghafla, chakula kikiwa kilekile, nayo ni dalili.

Homa ya 38 na zaidi, kutetemeka, kidole cheusi, uvundo, ngozi inayochakarika ukiibonyeza, au mfupa kuonekana: tafuteni boti usiku huo huo mwende hospitali ya King Fahd, mjini Lamu, msingoje alfajiri.

Msiutose mguu kwenye maji ya bahari wala maji moto. Osheni kwa maji safi, funikeni kwa shashi kavu, naye asiukanyagie. Antibiotiki za kujinunulia, nakusihi, ziacheni: nyama iliyokufa haina damu, dawa haiifikii mpaka isafishwe na daktari.