Kijana wa darasa la 12 hapati usingizi kwa ajili ya maombi ya chuo

Swali

Habari za kazi, mwalimu. Mwanangu yuko darasa la 12 hapa Marekani. Tulipofika alikuwa darasa la 6. Ana orodha ya vyuo 14. Saa saba usiku bado yuko kwenye kompyuta, anaandika insha na kuifuta. Amekonda, na siku hizi ni mkali kwa wadogo zake. Baba yake anataka asome uhandisi, yeye anasema hajui anataka nini. Mimi sikusoma huku, kwa hiyo hata akinieleza siambulii kitu. Nimkataze mpira ili apate muda? Na hii fomu ya FAFSA wanayoisema shuleni, tunaijaza baada ya kukubaliwa chuo au kabla?

Mama wa watoto wanne

Jibu

Mama, nianze na swali lako la mwisho maana ndilo lenye tarehe. FAFSA, yaani fomu ya kuomba msaada wa fedha za chuo kutoka serikali kuu, hujazwa kabla. Haingoji jibu la chuo. Kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba ya mwaka wa mwisho wa sekondari, na mtoto huorodhesha humo vyuo anavyoomba hata kama hajakubaliwa popote. Majimbo mengi na vyuo vingi vina fungu lao la fedha ambalo likiisha limeisha, kwa hiyo anayejaza Oktoba na anayejaza Machi hawagawiwi kwa mkono mmoja. Fomu ni bure. Mtu akiwadai pesa ili awajazie, mkataeni.

Mwanao atafungua akaunti yake kwenye studentaid.gov na mzazi atafungua ya kwake. Mkiwa mmeoana na mnawasilisha kodi pamoja, mzazi mmoja anatosha. Kila akaunti iwe na barua pepe yake. Familia nyingi hukwama wiki nzima kwa sababu mama na mtoto wametumia anwani moja. Mzazi asiye na namba ya Social Security anaweza kufungua akaunti pia, na hadhi ya mzazi ya uhamiaji haimnyimi mtoto msaada. Kinachotazamwa ni hadhi ya mwanafunzi: raia, mwenye kadi ya kijani, aliyepokelewa kama mkimbizi, aliyepewa hifadhi, hao wote wanastahili kuomba.

Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha: mapato yanayosomwa ni ya nyuma. Anayeingia chuo mwaka 2026 anapimwa kwa kodi ya 2024. Kama tangu hapo mmoja wenu amepoteza kazi au amepunguziwa saa, jazeni fomu kwa takwimu zile zile za zamani, kisha iandikieni ofisi ya misaada ya kila chuo mkiomba hali yenu itazamwe upya, na mweke ushahidi. Wana mamlaka ya kurekebisha hesabu, ila hawatajua msipowaambia.

Sasa nirudi kwa usingizi wa mwanao, kwa sababu naona mambo haya mawili ni jambo moja.

Watoto ninaowahudumia wanaokosa usingizi kipindi cha maombi, mara chache huwa wanalemewa na masomo. Wanalemewa na mambo ambayo hayajaamuliwa. Kubwa kati ya hayo ni pesa. Hakuna aliyemwambia kijana nyumbani kuna nini, naye haulizi kwa kuwa anaona baba anavyotoka alfajiri na kurudi usiku. Basi anajiwekea akiba kwa njia pekee anayoijua: anaongeza chuo kingine kwenye orodha. Vyuo 14 si bidii, mama. Ni hofu iliyoandikwa kwa safu. Na kila chuo kinakuja na maswali yake ya ziada na insha zake ndogo ndogo, ndiyo maana saa saba usiku bado yuko macho.

Kwa hiyo kabla ya kumwambia alale, mweleze kuhusu pesa. Wewe na baba yake mkae naye mumpe namba. Hata ikiwa ndogo. Hata ikiwa sifuri. "Kwa mwaka tunaweza kutoa dola elfu mbili, zaidi ya hapo hatuna, na mkopo mkubwa kwa jina letu hatutachukua." Wazazi wetu wengi huona aibu kusema hivi, wakidhani watamvunja mtoto moyo. Ninavyoona kazini ni kinyume chake: kijana anashusha pumzi, kwa sababu sasa ana kipimo cha kuchujia.

Kuchuja kwenyewe kunafanyika hivi. Kila chuo kinachopokea fedha za misaada ya serikali kuu hutakiwa kuwa na kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti yake. Mnaingiza mapato na idadi ya watu nyumbani, kinawapa makadirio ya mtakacholipa baada ya ruzuku. Msitishwe na bei iliyotangazwa, wala msivutiwe nayo. Chuo binafsi kinachotangaza dola 80,000 kwa mwaka, kama ni tajiri na hutoa msaada kwa kuangalia kipato, kinaweza kuwagharimu pungufu kuliko chuo cha umma cha jimbo jirani, kwa kuwa vyuo vingi vya umma havina msaada wa maana kwa mwanafunzi wa kutoka nje ya jimbo. Jumapili moja na vikokotoo 14, na nusu ya orodha itajifuta yenyewe.

Nikiambiwa nichague idadi, ningembakishia saba au nane. Viwili kati ya hivyo viwe ambavyo alama zake zinamwingiza bila wasiwasi na namba yenu inavimudu. Chuo ambacho atakubaliwa kwa urahisi lakini hamkimudu si salama hata kidogo, ingawa mara nyingi kwenye orodha kimeandikwa "salama". Na kimoja ningependa kiwe chuo cha jamii cha karibu nanyi. Najua jina hilo halipigiwi vigelegele kwenye mikusanyiko yetu. Lakini majimbo mengi yana makubaliano yanayomwezesha mtoto kusoma huko miaka miwili kwa ada ndogo kisha kuhamia chuo kikuu cha jimbo, na shahada anayopata mwishoni ni ile ile ya aliyeanzia pale. La kuangalia ni kozi zipi zinahama naye, na hilo aulize kabla ya muhula wa kwanza.

Tahadhari moja kuhusu maombi ya mapema. Kuna aina inayoitwa Early Decision, mara nyingi tarehe yake ya mwisho ni 1 au 15 Novemba. Hiyo inafunga: akikubaliwa ameahidi kwenda, na mzazi anatia saini. Msitie saini mpaka kikokotoo cha chuo hicho kiwe kimewaridhisha. Early Action ni ya mapema pia lakini haifungi, na kwa mtoto mwenye wasiwasi ni dawa nzuri. Jibu moja la "ndiyo" likija Desemba, Januari yote hubadilika.

Kuhusu baba na uhandisi, nitamtetea kidogo. Katika vyuo vikuu vingi shule ya uhandisi hupokea wanafunzi wake yenyewe tangu maombi, na kuhamia humo baadaye ni kugumu, wakati kutoka ni rahisi. Kwa hiyo kama kijana anapenda hesabu na fizikia na anasitasita tu, kuomba uhandisi kunamwachia milango yote miwili. Lakini kama kalkulasi inamtoa jasho na haipendi, kumsukuma ni kununua mwaka mmoja wa kufeli kwa bei ghali. Kijana wa miaka 17 kusema "sijui" ni jibu halali. Vyuo vingi vinamruhusu kuingia bila kutaja fani, na wengi waliotaja hubadilisha.

Insha sasa. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndiyo inayomnyima usingizi, na kwa familia zilizopita njia mliyopita ina uzito wa pekee.

Insha kuu ya Common App, ile fomu moja ya maombi inayopokelewa na vyuo vingi, haizidi maneno 650. Ni kurasa moja na nusu hivi. Mtoto aliyekuja ukimbizini au aliyehama akiwa mdogo huambiwa na kila mtu, hata na walimu wenye nia njema, kwamba "hadithi yako ina nguvu, iandike." Basi usiku anakaa peke yake akikumbuka mambo ambayo pengine hata wewe hujawahi kuzungumza naye. Anaandika, inamuuma, anafuta. Mama, hakuna sheria inayomtaka auze machozi yake ili apate chuo. Msomaji wa maombi anatafuta jinsi kijana anavyofikiri, na hilo linaonekana kwenye insha kuhusu kutengeneza baiskeli sawasawa na kwenye insha kuhusu kambi. Akitaka mwenyewe kuandika safari yenu, aandike mchana, aketi na mwalimu anayemwamini, na asiwe mtu wa kuandika kipande hicho mara ya kwanza saa saba usiku. Mwulize tu: "Hili unataka kulisema, au umeambiwa uliseme?"

Na nitakuambia kitu ambacho watoto wetu huacha nje. Kwenye sehemu ya shughuli, Common App ina nafasi ya majukumu ya nyumbani. Kulea wadogo, kupika, kuwatafsiria wazazi hospitalini na kwa mwenye nyumba, kufanya kazi ili kusaidia kodi ya pango: yote hayo yanaandikwa, kwa saa za kila wiki. Wanadhani shughuli ni klabu za shuleni tu, wanaiacha tupu, kisha wanajiona hawana kitu.

Hilo linanileta kwenye ukali wake kwa wadogo. Hesabu wewe mwenyewe ni saa ngapi kwa wiki kijana huyu anafanya kazi ya ukalimani na ulezi. Kuanzia sasa hadi katikati ya Januari, ambapo maombi mengi ya kawaida hufungwa, mpunguzie. Barua za shule za wadogo asizisome yeye. Shule ya umma inapaswa kukupatia mkalimani bila malipo ukiomba, na hapo hapo utaweza kuzungumza na mshauri wake bila yeye kuwa katikati akichuja maneno. Nenda hata kama hujaitwa. Chama cha washauri wa shule cha Marekani, ASCA, kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na shule nyingi zimepita hapo. Mtoto mpole anasahaulika kirahisi. Ukienda, uliza kuhusu msamaha wa ada za maombi. Mwenye kustahili chakula cha bure shuleni kwa kawaida huupata.

Mpira mwache. Kijana anayekimbia jioni analala vizuri zaidi, na ni saa pekee ambayo hakuna anayemuuliza habari za chuo.

Usingizi wenyewe: wataalamu wa tiba ya usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa umri wa miaka 13 hadi 18. Katika umri huu saa ya mwili husogea mbele, usingizi huja kwa kuchelewa, si ukaidi. Kumwambia alale saa tatu usiku hakutafaa. Kufunga kompyuta saa tano, simu ikae nje ya chumba, hilo linawezekana, na kazi iliyobaki aimalize Jumamosi asubuhi. Insha ya saa saba usiku huwa mbaya hata hivyo, nimezisoma nyingi.

Chagueni pia saa moja ya wiki, tuseme Jumapili jioni, iwe ndiyo saa ya mambo ya chuo. Hapo mnaangalia tarehe zilizobandikwa ukutani, pesa, na kilichokwama. Nje ya saa hiyo, marufuku kwa baba, shangazi na majirani kuuliza "umefikia wapi?" Wewe ndiye wa kulinda hilo.

Kukonda kwake sikupuuzi. Wasiwasi wa maombi hupanda na kushuka. Tarehe ikipita, mtoto anacheka tena. Ukiona kwa wiki mbili mfululizo hali chakula, hapati usingizi, ameacha hata mpira na marafiki, au anasema maneno kama "bora nisingekuwepo", hilo si suala la chuo tena. Mpeleke kwa daktari wake na mwambie mshauri wa shule siku hiyo hiyo. Namba 988, ya msaada kwa mwenye mawazo ya kujiua au dhiki kubwa ya moyo, hupigwa au kutumiwa ujumbe saa zote nchini kote bila malipo, na ukipiga unaweza kuomba mkalimani. Kumwuliza mtoto waziwazi kama anafikiria kujidhuru hakumtii wazo hilo kichwani. Uliza.

Majibu mengi huja kufikia mwanzoni mwa Aprili, pamoja na barua za misaada. Zisomeni kwa kalamu. Ruzuku hairudishwi. Pell Grant, kwa mfano, ruzuku ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, ilifikia hadi dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025–26. Mkopo unarudishwa, lakini barua nyingi huupanga kwenye safu moja na ruzuku na kujumlisha yote kama "tuzo". Mkopo wa serikali wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi hauzidi dola 5,500. Mkiona mkopo mkubwa kuliko huo, kwa kawaida ni Parent PLUS, yaani deni lenu ninyi. Ajira ya chuoni nayo si pesa mkononi, ni nafasi ya kuzifanyia kazi. Toeni mikopo na ajira, linganisheni kilichobaki, na mjibu ifikapo 1 Mei, tarehe inayotumiwa na vyuo vingi.

Baada ya hapo wazazi hupumua, na ndipo watoto wengi waliokubaliwa hupotea kabla ya kufika chuoni. Juni na Julai chuo huandika kwenye barua pepe mpya ya mwanafunzi, ambayo mara nyingi hajaifungua: kadi ya chanjo, mtihani wa kumpanga kwenye hesabu, amana ya bweni, bima ya afya ambayo italipishwa msipoikataa kwa maandishi mkiwa na nyingine. Saa yenu ya Jumapili iendelee mpaka Agosti, na barua pepe hiyo ifunguliwe mbele yako.