Mama ana kadi ya wazee, dawa tunanunua wenyewe

SWALI: Shikamoo Anti, niko Igoma hapa Mwanza. Mama ana miaka 67, presha na sukari, na kaka yangu miguu haifanyi kazi tangu ajali ya bodaboda, wote nawalea mimi kwa kuuza dagaa. Juzi hospitali mama akamuona dokta bure kwa kadi ya wazee ila dawa wakasema hazipo kanunue nje, ya kaka wakasema hiyo ni ustawi wa jamii, jengo lingine kabisa, nikambeba mgongoni mpaka huko nakuta pamefungwa. Hivi hakuna bima moja ya kuwabeba wote?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole, hiyo ya mgongoni imeniuma. Sera ya Wazee ya 2003 inasema mzee wa 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure, sasa bure bila dawa ni bure gani? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita 2023 na wasio na uwezo wametajwa humo, so anza kwa mwenyekiti wa mtaa akuandikie barua moja ya wote wawili, mpelekee afisa ustawi wa jamii, omba waingizwe pamoja kwenye orodha ya hao wasio na uwezo, wasikutenganishie tena madirisha. Baki na kopi. Na mkutano wa mtaa ukiitishwa usikae nyuma, nenda na risiti zote za famasi uzisome kwa sauti, moja moja.