Maswali ya Wasomaji: Mwanachuo Anapojitolea Shule ya Msingi

SWALI: Nasoma uchumi mwaka wa pili hapa Chuo Kikuu cha Maseno, Kenya. Nina alasiri mbili za bure kila wiki na ningependa kuzitumia katika shule ya msingi iliyo karibu. Nimwone nani? Na nitafanya nini darasani ilhali mimi si mwalimu?

JIBU: Nenda kwa mwalimu mkuu mwenyewe, usipitie kwa mwalimu rafiki yako. Epuka Jumatatu asubuhi, siku ya gwaride, na wiki ya kwanza ya muhula ambapo ofisi hujaa wazazi. Beba barua kutoka ofisi ya mkuu wa wanafunzi chuoni, nakala ya kitambulisho na cheti cha tabia njema. Cheti hicho huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa Sh1,050, kisha unapeleka alama za vidole Huduma Centre ya Kisumu. Fomu ya C24, ile ya alama za vidole, ichapishwe pande mbili za karatasi moja. Ukienda na karatasi mbili utarudishwa.

Chagua shule unayoweza kufika kwa miguu. Nauli ndiyo huwakatisha wengi safari mitihani inapokaribia, na watoto hubaki wakichungulia langoni.

Kuhusu kazi yenyewe, Sheria ya Tume ya Huduma kwa Walimu ya mwaka 2012 hairuhusu asiyesajiliwa kufundisha. Basi usikubali kuachiwa darasa zima, hata mwalimu akiwa amekwenda mkutanoni. Omba kile ambacho mwalimu mwenye darasa kubwa hapati nafasi ya kukifanya: kuketi na watoto watano au sita na kumsikiliza kila mmoja akisoma. Kipindi cha Gredi ya 4 ni dakika 35. Ukiwatoa watoto darasani na kuwatuliza, utabakiwa na 25 hivi, kwa hiyo andaa kazi ya muda huo tu. Ketini mahali pa wazi panapoonekana, chini ya mti au kwenye veranda, kamwe si chumbani mlango ukiwa umefungwa. Na hata ukikabidhiwa kiboko, usikishike. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza adhabu ya viboko.

SWALI: Nimepewa watoto sita wa Gredi ya 4 katika shule moja ya Kisumu. Wanaimba silabi vizuri sana lakini hawawezi kusoma sentensi. Wengine wakiona "shati" wanasema "sati". Nianze kurekebisha wapi?

JIBU: Ulilolisema kwanza ndilo tatizo, la pili huenda si tatizo kabisa.

Mtoto anayeimba "ba be bi bo bu" amekariri wimbo. Mwonyeshe "bu" peke yake, utamwona akinong'ona kuanzia "ba" hadi aifikie. Dawa yake ni kuvuruga mpangilio. Nunua karatasi moja ya manila, ikunje mara tano, ukate kwenye mikunjo: utapata kadi 32. Chukua konsonanti sita, b, k, l, m, n na t, uziandike na irabu zote tano. Hizo ni silabi 30, na kadi mbili zinabaki za akiba. Andika kwa herufi ndogo na kwa maka nyeusi, maana kalamu ya kawaida haionekani vizuri kwa watoto sita walioizunguka meza. Zichanganye kama karata, mwite mtoto atafute "ka", "la" na "mu", azipange, asome. Kisha "ki-ta-bu", "me-no", "ba-ta". Mwache ahangaike kidogo kabla hujamsaidia. Ukimtamkia neno zima mapema, atasoma mdomo wako, hatasoma kadi. Silabi kama "mbwa" na "ng'o" zingoje hadi hizi 30 zisomwe bila kusita.

Sasa "sati". Dholuo, lugha ya Waluo wa eneo la Kisumu, haina sauti ya sh, wala z, wala v. Kwa hiyo "shule" hutoka "sule" na "zawadi" hutoka "sawadi". Ukienda upande wa Kakamega, kwa Waluhya, utasikia "kari" kwa gari na "tawa" kwa dawa. Huo ni ulimi wa nyumbani, na mtoto aliyekatizwa kila neno kwa ajili yake hunyamaza. Mtoto akisema "sati" huku akishika kola ya shati lake, amesoma, endelea. Ukitaka uhakika, weka mezani "sina" na "shina", kisha useme "shina la mti". Akiokota kadi sahihi, jicho lake linatofautisha na ulimi utafuata polepole. Akikosea mara tatu, hapo kuna kazi ya kufanya: mfundishe sh kama herufi mbili zenye sauti moja.

SWALI: Sisi ni kundi la wanachuo kumi kutoka Egerton, Njoro. Tunataka kwenda shuleni siku moja, tugawe penseli na kupiga picha. Tujiandae vipi?

JIBU: Kumi kwa siku moja ni wengi mno, vipindi vitavunjika na hakuna mtoto mtakayemsaidia. Afadhali wawili wawili, kila kundi siku yake, kwa wiki kumi za muhula. Picha za watoto zinahitaji idhini ya mzazi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na idhini ya mwalimu mkuu haitoshi. Kabla ya kununua chochote, uliza ni vitabu gani vya hadithi vimefungiwa kabatini. Mara nyingi vipo, vinakosa tu mtu wa kuvisoma na watoto.

Siku ya kwanza waambieni watoto tarehe mtakayoondoka, na muwakumbushe wiki mbili kabla haijafika. Mkimaliza, mkabidhini mwalimu wa darasa daftari moja lenye jina la kila mtoto, kadi alizoweza kusoma siku ya kwanza, na alizoweza siku ya mwisho.