Maelezo binafsi ya kuombea chuo: hiyo "tangu utotoni" ifute

Mkuu, umeuliza kwa nini kila anayesoma rasimu yako ya kuombea uhandisi Uingereza anakwambia "nzuri" halafu ananyamaza. Nimeisoma. Inaanza na "Tangu utotoni nimekuwa nikivutiwa na majengo", na aya tatu mbele bado sijakujua. Ugonjwa huo naujua, niliuugua.

Yangu ya kwanza ilianza hivyohivyo, kisha ikaja mchapakazi, mwenye nidhamu, anayependa kushirikiana na wenzake. Mwalimu wangu wa fizikia alichukua kalamu akafuta kila sentensi ambayo jirani yangu wa dawati angeweza kuitia sahihi kama yake. Ukurasa mzima zikabaki mbili. Moja ilisema nimewahi kujenga daraja la njiti kwa mashindano ya darasani. Basi, imeishia hapo.

Akaniuliza, "Lilivunjikia wapi?"

Nikamweleza. Nilipiga hesabu nikaona litakatika katikati, nikapaongezea njiti. Tukalipakia vitabu kimoja kimoja. Cha tisa kikaliangusha, lakini njiti zote zilikuwa nzima. Gundi ndiyo iliyobanduka, kwenye kiungo cha pembeni ambacho sikukifikiria kabisa. Ndipo nikaanza kusoma jinsi mzigo unavyosafiri hadi kwenye viungo. "Sasa hayo ndiyo uandike," akasema. Niliona aibu, nani anajisifia daraja lililoanguka? Lakini kwenye usaili swali la kwanza lilikuwa kuhusu kile kiungo.

Upande wa utaratibu, sisi tuliandika insha moja ya herufi 4,000. Kwa wanaoanza chuo kuanzia 2026, UCAS, shirika linalopokea maombi ya vyuo vya Uingereza, wameigawa maswali matatu: kwa nini unaitaka kozi hiyo, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya masomo umefanya nini na kimekusaidia vipi. Jumla ni herufi 4,000 zilezile, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa, na kila jibu lisipungue herufi 350. Majibu yote husomwa kwa pamoja, kwa hiyo kisa kimoja usikirudie mara mbili. Na jina la chuo unachokipenda litoe: maandishi hayohayo yanakwenda kwenye machaguo yako yote matano.

Kuhusu zile sampuli ulizozipakua, ziache. Kuna programu inayolinganisha maelezo ya waombaji ili kukamata mfanano. Mwaka 2007 UCAS walikuta waombaji 234 waliosimulia jinsi walivyotoboa pajama kwa moto wakiwa na miaka minane. Pajama 234! Wote wakawa wapenzi wa sayansi kwa moto uleule.

Tukirudi kwenye rasimu yako. Ile aya ya mapenzi yako kwa majengo marefu ya dunia iondoe yote, hata mimi nisiyeomba chuo ningeweza kuiandika. Ila aya ya nne, kwa nusu sentensi tu, umetaja kwamba ulimsaidia mjomba kumwaga zege la sakafu na likapasuka kabla wiki haijaisha. Ukaruka ukaenda kwenye uongozi wa klabu! Maji yalizidi? Lilikauka haraka juani? Mlilimwagilia? Mjomba alisemaje, na wewe ulifikiri nini ulipoziona zile nyufa? Andika hayo kwanza, kisha nitumie tena.