Nimenunua televizheni ya mtumba: nitajuaje kama rangi zake ni za kweli?

Swali: Fundi, jambo. Nauza vitenge hapa Birere, Goma. Nimechukua televizheni bapa ya mtumba, inchi 43, ili wateja waone picha za vitenge vilivyo depo. Kitenge cha rangi ya maziwa kinatoka na ubluu, chekundu kinawaka kama makaa. Muuzaji amenipa mpaka Jumamosi kuirudisha. Niipimeje?

Jibu: Jambo sana, Mama. Huo wekundu uache kwanza, tuanze na weupe. Kioo hutengeneza kila rangi kwa kuchanganya nukta nyekundu, kijani na bluu, na nyeupe hupatikana zote tatu zikilingana. Weupe ukielemea bluu, kila kitenge utakachoonyesha kitaelemea huko huko, na ukipunguza nyekundu peke yake utahangaika bure.

Angalia modi ya picha. Televizheni nyingi za mtumba nazikuta bado ziko kwenye modi ya dukani, ambayo menyu ya Kifaransa huiita “Dynamique”: weupe wa baridi na rangi zilizopandishwa ili ivutie kuliko jirani zake. Weka “Cinéma” au “Film”, na joto la rangi weka “Chaud”. Mwanzoni picha itaonekana ya njano kama chai ya maziwa. Usiirudishe ilivyokuwa! Iache iwake nusu saa, taa zipate joto na macho yako yazoee.

Weupe rasmi wa televizheni huitwa D65, karibu Kelvini 6500 (Kelvini ni kipimo cha joto la rangi), na uliwekwa kwa kufuata mwanga wa mchana. Kwa hiyo anga letu likiwa na mawingu saa sita mchana, una mizani ya bure. Sogeza televizheni karibu na mlango pasipofikiwa na jua, weka picha nyeupe tupu, kisha shika karatasi nyeupe kando yake. Vitenge vyekundu vilivyotundikwa hapo karibu viondoe, maana hutupia rangi yao kwenye karatasi. Na usipige picha kwa simu ili kulinganisha: kamera ya simu hurekebisha weupe yenyewe, itakuficha kosa unalolitafuta.

Ukimaliza, weka kwenye flashi picha ya ngazi za kijivu kutoka nyeusi hadi nyeupe. Zote ziwe kijivu kitupu kama ukuta wa mawe ya volkano, bila kijani wala zambarau.

Sasa jambo ninaloliogopa zaidi kwa mtumba. Rudisha ile picha nyeupe, simama hatua tatu nyuma, utazame kama kuna mabaka ya bluu au zambarau. Taa za LED za nyuma ya kioo kwa asili hutoa bluu. Tabaka la fosfori ya njano juu yake, yaani unga unaogeuza sehemu ya bluu kuwa njano, ndilo linalozifanya nyeupe. Joto la miaka likiichosha fosfori, bluu inabaki peke yake. Nimefungua nyingi za namna hii: kile kidoa cha njano juu ya taa kimeungua, kimepasuka kama ganda la yai. Hakuna menyu inayotibu hilo. Ni kubadilisha mistari yote ya taa, si mmoja, la sivyo weupe utatofautiana juu na chini.

Usipoona mabaka, tundika kitenge chenyewe kando ya picha yake, katika mwanga ule ule ulioipigia. Rangi za vitambaa vingi zitakaribiana vizuri. Ila samawati ya kijani iliyokolea sana inaweza kukataa, kwa kuwa iko nje ya rangi ambazo kanuni ya BT.709, yaani kanuni ya rangi za televizheni za HD ya tangu mwaka 1990, inaweza kuonyesha. Hapo televizheni haina kosa. Mweleze mteja, mwonyeshe hata kipande.

Fundi mwenye kolorimita, kifaa cha kupima rangi, atakupa namba iitwayo Delta E, inayoonyesha rangi ya kioo imekosea kiasi gani. Ikiwa chini ya 3, jicho la kawaida halioni kosa kwa urahisi. Kwa kazi yako karatasi na macho vinatosha.

Mabaka yakiwepo, ipeleke Ijumaa, usingoje Jumamosi. Mwombe muuzaji aiwashe na picha nyeupe mbele yako. Siku umeme ukikatika hutakuwa na cha kumwonyesha.